Utosi, kitana cha moto na miaka iliyopotea

Kuna sentensi moja ambayo karibu kila dada mwenye nywele zilizokatika utosini ameshaisikia. Ameisikia kwa mama, kwa shangazi, kwa mume, na akienda hospitali ameisikia tena kwa daktari: "Ni hayo madawa mnayoweka kichwani." Wakati wa mama zetu ilikuwa "ni huko kuchoma nywele". Tunaisema kama jambo lisilohitaji ushahidi, na nadhani wengi wetu tukiambiwa tuutoe huo ushahidi tungebaki tunatazamana. Wiki mbili hizi nimekuwa nikifuatilia ilikotoka, maana kazi ya gazetini inakufundisha kwamba jambo linalosemwa na kila mtu lina mtu wa kwanza aliyelisema. Hili nalo linaye. Lina hata mwaka na mji: 1968, Philadelphia, Marekani.

Kabla hatujafika huko, wadau, tuelewane tunazungumzia nini. Sizungumzii mapunye, ambayo ni fangasi. Sizungumzii wala zile nywele za mbele na pembeni zinazorudi nyuma kwa sababu ya kusuka kwa kukaza. Hiyo ni hadithi nyingine na ipo siku nitaiandika. Nazungumzia ugonjwa unaoanzia utosini, katikati kabisa, kisha unasambaa polepole kwenda nje kama doa la mafuta kwenye karatasi. Wengine huwashwa. Wengine huhisi kama pale panaungua, au panauma wakipaguswa. Wengine hawahisi lolote. Nywele za hapo huanza kwa kukatika fupi fupi, baadaye zinaacha kuota, na ngozi inabaki laini inayong'aa, bila vile vitundu vidogo ambavyo kichwa cha kawaida kinavyo.

Hivyo vitundu kutoonekana ndiyo habari yenyewe. Kila unywele huota kutoka kwenye kifuko chake kilichozama ndani ya ngozi. Kwenye ugonjwa huu seli za kinga ya mwili hujikusanya kuzunguka sehemu ya juu ya kifuko hicho, panavimba kwa ndani, na mwisho mwili unafanya kile unachofanya kwenye kidonda chochote kikubwa: unaweka kovu. Kifuko kikishageuka kovu hakuna mafuta, wala sindano, wala mti shamba utakaokirudisha. Kwa hiyo tiba yote ya ugonjwa huu ni kukimbizana na muda. Unatibu ili kuokoa vifuko ambavyo bado havijafa. Mgonjwa aliyecheleweshwa miaka mitano amepoteza nywele za miaka mitano, na haziji tena. Shika hilo, kwa sababu ndilo linalofanya historia hii iume.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwenye kitana chenyewe. Wengi wameambiwa kwamba kitana cha moto kiligunduliwa na Madam C. J. Walker, yule mama Mmarekani mweusi aliyetajirika kwa biashara ya nywele. Si kweli. Vyuma vya kupasha moto kwa ajili ya nywele vilikuwa vikiuzwa Ulaya na Marekani kabla yeye hajaanza biashara. Alichofanya ni kukieneza. Lakini kwenye maisha yake kuna jambo linalotuhusu zaidi kuliko kitana. Alizaliwa 1867 huko Louisiana kwa jina la Sarah Breedlove, wazazi wake wakiwa wametoka utumwani miaka michache tu nyuma. Miaka ya 1890 alipatwa na ugonjwa wa ngozi ya kichwa, nywele zikamnyonyoka. Akaanza kwa kuuza bidhaa za mama mwingine, Annie Malone, kisha akatengeneza za kwake. Bidhaa yake iliyomtoa ilikuwa mafuta ya kukuza nywele, mchanganyiko wenye mafuta ya mgando na salfa, na salfa ilikuwa dawa ya kweli ya ngozi ya kichwa kwa viwango vya wakati ule. Sisemi kwamba Madam Walker alikuwa na ugonjwa ninaouandikia leo. Ninachosema ni kwamba biashara kubwa ile ilianza kama tiba. Wanawake weusi wa Marekani walikuwa na vichwa vinavyouma, na waliowahudumia walikuwa wanawake wenzao waliopita nyumba kwa nyumba na makopo. Walker alifariki 1919. Ilipita karibu nusu karne nzima ndipo ugonjwa wa utosini ulipopata jina kwenye jarida la madaktari wa ngozi.

Jina lenyewe, lilipokuja, lilikuwa hili: upara wa kitana cha moto. Waliolitoa ni LoPresti, Papa na Kligman, mwaka 1968. Walieleza wanawake weusi waliokuwa na upara wa makovu utosini, na maelezo yao ya chanzo yalikuwa na mantiki ya kuvutia. Mwanamke anapaka mafuta ya mgando kichwani, anapitisha chuma cha moto, mafuta yanayeyuka, yanateremka na unywele hadi ndani ya kifuko, yanakiunguza. Akirudia hivyo miaka na miaka, kifuko kinakufa. Ukisoma unaona kabisa picha inavyojengeka. Yeyote aliyewahi kukaa karibu na jiko la mkaa mama akichomwa nywele anajua ule moshi na ile harufu, na anajua namna sikio linavyoungua kitana kikiteleza. Ilikuwa rahisi mno kuamini.

Hapa inabidi niseme neno kuhusu mmoja wa hao watatu. Albert Kligman alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na mmoja wa waliotuletea Retin-A, dawa ya chunusi ambayo hata leo ipo madukani. Huyo huyo ndiye aliyeendesha majaribio ya dawa na kemikali kwenye ngozi za wafungwa wa gereza la Holmesburg, hapo hapo Philadelphia, kuanzia 1951 hadi 1974, wengi wa wafungwa hao wakiwa weusi. Kligman alifariki 2010; chuo chake kiliomba radhi hadharani mwaka 2021. Wapo wanaotaka kuliunganisha hilo na kitana moja kwa moja, kwamba mtu wa namna ile lazima aliandika uongo kuhusu nywele za wanawake weusi. Mimi sikubaliani. Mtu mbaya anaweza kuandika jambo la kweli, na makala ya kisayansi hupimwa kwa ushahidi wake. Nimemtaja kwa sababu moja tu: ndiyo mazingira ambamo jina lile lilizaliwa. Walioandika hawakuishi na kitana hicho nyumbani mwao, na walioandikwa hawakuulizwa sana.

Ubaya wa jina lile ni kwamba lilikuwa limebeba tiba ndani yake. Ukiita ugonjwa "upara wa kitana cha moto", umeshamwandikia mgonjwa dawa: acha kitana. Hakuna kingine cha kufanya. Na asipopona baada ya kuacha, basi hakuacha kweli, au alichelewa kuacha. Yaani kosa linabaki kwake. Wakati huo huo dawa za kupunguza uvimbe wa ndani zilikuwepo. Kotisoni ilitolewa kwa mgonjwa wa baridi yabisi kwa mara ya kwanza mwaka 1948 kwenye kliniki ya Mayo, na waliohusika walipewa Tuzo ya Nobel 1950. Kufikia miaka ya 1960 madaktari wa ngozi walishakuwa wakichoma sindano za dawa za jamii hiyo kwenye ngozi ya kichwa kwa upara wa aina nyingine. Tetrasaiklini nayo ilikuwepo tangu miaka ya 1950. Dawa zilezile ambazo leo ndizo za kwanza kuandikwa kwa ugonjwa huu zilikuwa kabatini. Lakini nani anachoma sindano mtu ambaye ugonjwa wake ni kitana?

Hali hiyo ilikaa robo karne hivi.

Waliokuja kuitikisa walikuwa daktari wa jeshi la Marekani, Leonard Sperling, na mwenzake Sau. Mwaka 1992 walichapisha kazi iliyofanya jambo ambalo ukilifikiria ni la kawaida sana: waliwauliza wagonjwa historia yao ya kitana kwa makini, halafu wakakata vipande vidogo vya ngozi na kuviangalia kwa hadubini. Historia haikuendana na shtaka. Matumizi ya kitana hayakulingana vizuri na wakati ugonjwa ulipoanza wala na jinsi ulivyoendelea. Na kwenye hadubini waliona kitu cha ajabu: ile ala ya ndani inayouzunguka unywele kama ganda la muwa ilikuwa ikibomoka mapema, chini kabisa kwenye kifuko, kabla ya mahali inapotakiwa kuachia. Walilitupa jina la kitana na kupendekeza jingine, linalosema tu kwamba kifuko kinaharibika.

Miaka miwili baadaye, 1994, Sperling na wenzake wakaandika kuhusu ugonjwa uleule kwa wanaume. Hii ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Mimi kichwa changu kinapitiwa na mashine ya kinyozi kila baada ya wiki mbili na hakijawahi kuonja kitana cha moto, na naamini wanaume wengi wanaosoma hapa wako hivyo. Mwanaume anapopata "upara wa kitana cha moto", ndugu msomaji, kesi ya kitana inakuwa na tatizo.

Jina linalotumika sasa lilipitishwa na kikao cha wataalamu wa nywele kilichofanyika Chuo Kikuu cha Duke mwezi Februari 2001. Kwa Kiingereza ni refu la kukata pumzi, kwa hiyo kila mtu anasema CCCA. Ukilifungua linasema hivi tu: upara wa makovu unaoanzia katikati na kusambaa nje. Linaeleza kinachoonekana, basi. Halimtaji mgonjwa wala saluni yake. Nililisoma mara mbili nikaona kwamba ukame wake ndio uzuri wake.

Baada ya hapo hadithi inahamia Afrika Kusini, na nafurahi kusema kwamba wanaoongoza huko ni akina mama Waafrika. Nonhlanhla Khumalo wa Cape Town na wenzake walipima vichwa vya watu wazima na kuchapisha mwaka 2007: miongoni mwa wanawake wenye umri wa zaidi ya miaka 50, asilimia 6.7 walikuwa na upara wa aina hii. Hao ni karibu mmoja kati ya kila 15. Huko Durban, Ncoza Dlova akafuatilia familia 14 za wagonjwa na mwaka 2014 akaonyesha kwamba ugonjwa unapita kutoka mzazi kwenda kwa mtoto. Kisha mwaka 2019 kundi la kimataifa, likiongozwa na Eli Sprecher wa Tel Aviv na Dlova akiwemo, lilichapisha kwenye jarida la New England jambo lililowashtua wengi. Walisoma jeni za wanawake 58 wenye ugonjwa huu. Kati yao 14, yaani asilimia 24, walikuwa na kasoro kwenye jeni linaloitwa PADI3. Jeni hilo hutoa maagizo ya kutengeneza kimeng'enya kinachoziandaa protini zinazoupa unywele umbo lake. Kimeng'enya kikiwa dhaifu, unywele unajengwa vibaya tangu chini. Jeni hilohilo lilishajulikana tangu 2016 kwenye ugonjwa mwingine adimu wa watoto ambao nywele zao husimama na kukataa kuchanika kabisa. Hivyo lile ganda aliloliona Sperling likibomoka kwenye hadubini mwaka 1992 lilipata angalau sehemu ya maelezo yake miaka 27 baadaye.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani kitana na dawa za kulainisha nywele zimesafishwa. Asilimia 24 si 100. Maoni ya watafiti wengi ni kwamba mwenye kifuko dhaifu kwa kuzaliwa huumizwa zaidi na joto, kemikali na kuvutwa, na daktari mzuri hata leo atakwambia upumzishe kichwa: uache rasta nzito, uache kuweka dawa, upunguze moto. Tofauti ni kwamba sasa huo ni ushauri unaoambatana na tiba. Kwa miaka mingi ulikuwa ndiyo tiba yenyewe.

Na tiba yenyewe? Inaanza na kipimo cha kinyama. Daktari anatia ganzi, anatoa kipande cha ngozi cha upana wa milimita 4 hivi kwenye ukingo wa upara, pale ambapo vita bado vinaendelea, kinapelekwa maabara. Wengi wanaogopa hatua hii, lakini bila hiyo ni rahisi kuchanganya ugonjwa huu na upara wa kurithi wa kawaida, na ziko dada nyingi zilizomeza vidonge vya fangasi miezi mingi bila fangasi yoyote. Halafu unazimwa moto wa ndani: dawa kali ya kupaka ya jamii ya steroidi, na sindano ndogo ndogo za triamsinoloni kwenye ukingo wa upara kila baada ya wiki kadhaa. Zinauma, na zikizidi zinafanya ngozi ibonyee, ndiyo maana haifai kuchomwa na mtu asiyejua. Juu ya hapo huongezwa doksisaiklini kwa miezi kadhaa. Hii tunaijua kama dawa ya vijidudu, ila hapa inatumika kwa sababu ina tabia ya kutuliza uvimbe. Ikishindikana, wapo wanaoandikiwa haidroksiklorokwini, ndugu ya klorokwini yetu ya malaria. Minoksidili ya kupaka husaidia vifuko vilivyobaki hai kuotesha nywele nene zaidi. Kupandikiza nywele kunawezekana, lakini ugonjwa lazima uwe umetulia muda mrefu kwanza, na hata hivyo nywele hazishiki vizuri kwenye kovu kama zinavyoshika kwenye ngozi nzima.

Kipya kabisa kinatoka Johns Hopkins, Baltimore, kwa daktari Crystal Aguh na wenzake. Walianza na swali la pembeni: je, mwili unaoweka makovu kupita kiasi kichwani unafanya hivyo na kwingine? Mwaka 2018 walipitia kumbukumbu za wagonjwa wa hospitali yao, wanawake weusi zaidi ya 480,000. Kati ya waliokuwa na CCCA, asilimia 13.9 walikuwa pia na uvimbe wa kwenye kizazi, ule ambao dada zetu wengi wanaujua kwa mateso yake. Kati ya wasio na CCCA ilikuwa asilimia 3.3. Hiyo haina maana kwamba kimoja kinasababisha kingine. Ila ukiwa na upara wa utosini na hedhi yako ni nzito isivyo kawaida, ni vizuri daktari wako ayajue yote mawili.

Kutoka hapo wakafikia metfomini. Naam, kile kidonge cha kisukari ambacho kila duka la dawa linacho. Maabara zimeonyesha kwamba kinapunguza kasi ya mwili kutengeneza kovu. Mwaka 2020 waliandika kuhusu wagonjwa wawili walioipaka kichwani wakaota nywele baada ya dawa nyingine kushindwa. Mwaka 2024 wakachapisha habari za wanawake 12 waliomeza dozi ndogo kwa miezi 6 au zaidi, na 6 kati yao nywele zilirudi kwa kiasi fulani. Kumi na wawili ni wachache sana, na hakukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo tafadhali mtu asikimbilie kununua. Kinachonifurahisha ni aina ya swali. Mwaka 1968 aliyeulizwa alikuwa mwanamke: unafanya nini na nywele zako? Sasa kinachoulizwa ni kovu lenyewe linavyotengenezwa.

Kwetu hapa, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika tangu 1992, mwaka uleule Sperling alipochapisha kazi yake. Lakini mtu wa kwanza kuuona utosi wa dada yako hatakuwa mtaalamu kutoka Moshi. Mwenyewe hauoni, kioo cha ukutani hakifiki huko. Anayeuona ni msusi, kila baada ya wiki chache, na mwanga ukiwa umepiga juu. Mara nyingi ananyamaza kwa kuogopa kumkera mteja, anaziba pale na rasta mbili nene, maisha yanaendelea. Ukikaa kwenye kile kiti wiki hii, mwambie akupapase katikati ya kichwa na akueleze bila haya kama pamepungua, kama ngozi inateleza, na tangu lini alianza kuona.